Bei ya Kweli Iandikwe

Ndugu wafanyakazi, ndugu wenyeji wa Mambasa,

Mwaka 1885 Serikali ya Leopold iliamuru kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali yake. Mashamba yaliyopumzika na pori la kuwinda vikahesabiwa kuwa udongo mtupu. Uhuru ulifika 30 Juni 1960, na sheria ya 1973 ikasema udongo ni mali ya Taifa. Kwa hiyo mwananchi anayo nyumba yake na haki ya kukaa pale. Hiyo ndiyo mali ya kulinda.

Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu asinyang'anywe mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, naye alipwe kwanza malipo ya haki. Vizuri. Lakini haki ni feza ngapi?

Mwenye kazi ya kupima bei anatafuta nyumba tatu hivi zinazofanana na yako, zilizouzwa karibuni, katika mtaa ule ule. Kisha analinganisha. Ile ya jirani iliuzwa dola 3,000, nayo ina kisima na yako haina? Anapunguza bei ya kisima. Yako ni ya matafali na ile ni ya poto-poto? Anaongeza. Bei ya ndugu kwa ndugu haihesabiwi. Wala bei ya mtu aliyekimbia vita, kama wengi walivyokimbia hapa mwaka 2002. Mkimbizi hauzi, anatupa.

Sasa tazameni hatari. Sisi tunauza kwa mdomo tu, ao tunaandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Siku barabara ao kompani inapofika, mpimaji anakuta karatasi ile ya uwongo, ao hakuti kitu. Uwongo wa mmoja unakuwa kipimo cha nyumba za mtaa mzima. Wala hii si hadisi: kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kibali, yaliyoanza kutoa dhahabu mwaka 2013, zaidi ya familia 4,000 walihamishwa, wengi wakapelekwa Kokiza.

Basi kila mauzo yaandikwe: bei ya kweli, tarehe, vipimo vya parsele, mashahidi wa pande mbili pamoja na mkuu wa mtaa. Karatasi ziwe mbili, kila mmoja abaki na yake. Asiyejua kuandika amwombe karani, bila haya.

Kodi inauma siku moja. Bei ya uwongo inakula nyumba ya jirani, kisha inarudi kula yako.