Leso na Pete ya Nyonga



Katika miteremko ya Chawia, akina mama wetu hupanda bodaboda kwa kukaa upande. Pikipiki ikianguka, kishindo huipata nyonga ubavuni.

Mifupa ya nyonga imeungana mithili ya pete. Pete ya mwanamke ni pana zaidi, ili mtoto apate njia, na kwa kawaida mifupa yake ni myembamba kuliko ya mwanamume. Hivyo, ikipigwa ubavuni, huvunjika kwa nguvu ndogo zaidi. Tena pete ngumu ikivunjika, aghalabu huachia mahali pawili. Hedhi ikishakoma, mfupa hupungua ushibe wake, ukawa na vitundu vingi ndani. Bibi mzee huweza kuvunjika kwa kuteleza tu anapotawadha.

Khatari kubwa ni damu, kwani mishipa mikubwa hupita hapo, nayo huvuja ndani pasipo kuonekana. Basi aliyeanguka akalalamikia nyonga asiketishwe, asisimamishwe, wala asipakiwe pikipiki. Na alazwe chali, afungwe leso kwa kuikaza, si kiunoni, bali chini yake, pale mapaja yanapoungana na nyonga. Magoti nayo yafungwe pamoja, kisha atafutiwe gari hadi hospitali.

Na kabla ya ajali, tuilishe mifupa yetu: maziwa, dagaa waliwao na mifupa yao, kutembea kila siku, na jua la uani kwa wavaao buibui.