Mgeni Si Mali ya Aliyempokea

Wapendwa, kuna neno linasemwa katika jumuiya zetu baada ya sala: mgeni aliyepewa shamba na kijiji akae hapohapo, akihama hana shukrani. Tunalikataa.

Tukumbuke Warundi waliokimbilia nchini mwetu mwaka 1972, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakazika wazazi wao. Kutoka makazini kulihitaji kibali. Kisha zaidi ya 160,000 walipokubaliwa uraia, sharti likageuzwa: sasa watoke, watawanywe mikoani! Vyeti vikacheleweshwa mpaka mwaka 2014, sharti lilipoachwa. Kaa, ondoka, makaburi yao nani aliyauliza?

Na sisi wa bonde hili? Wandamba watuwie radhi, maana wengi wetu tulifika Ifakara kwa kufuata mpunga, miwa ya Kidatu au reli ya TAZARA. Nani alitufunga hapa?

Ruthu Mmoabu alikaa Bethlehemu kwa kumpenda Naomi, na kwa sababu Boazi alimwachia masuke shambani. Hakutia saini popote.

Deni la mgeni lipo, hatulifichi. Atoe michango ya kijiji, arudishe mbegu alizokopa, asiingize ng'ombe katika mpunga wa mtu. Akishatimiza hayo, akitaka kwenda Mlimba au Dar es Salaam, tumsaidie kufunga mizigo. Lile gunia tulilompa mwaka wa kwanza tuliliita sadaka mbele ya altare. Leo tunamdai kwa haki gani?