Njia Panda ya Sonatubes

Sonatubes ni jina lililotokana na kiwanda cha mabomba. Leo ni njia panda yenye msongamano wa magari katika wilaya ya Kicukiro, mjini Kigali. Barabara moja huelekea katikati ya mji, nyingine hwenda Remera, na ya tatu hupitia Kicukiro hadi kilima cha Nyanza na kuendelea Bugesera.

Kibao cha kumbukumbu ya vita kando ya barabara huwa na nafasi ndogo. Husema tarehe, huutaja upande uliosonga mbele, basi. Askari akikisoma huelewa upesi. Lakini katika njia panda hii yako mambo ambayo mishale ya ramani ya vita haiyaonyeshi, nayo yanamhusu kila avaaye sare, pamoja na waliomo nyumbani kwake.

Vita vyenyewe vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, majeshi ya RPF yalipoingia Rwanda kutoka Uganda. Mkataba wa Amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na kwa mujibu wake askari 600 wa RPF waliwekwa katika jengo la Bunge mjini Kigali mwezi Desemba mwaka huo. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 na mauaji ya Watutsi kuanza, vikosi vya RPF viliondoka Mulindi, kaskazini, kwenda kuungana na hao 600.

Wakati vikosi hivyo vikiwa njiani, watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro. Hawakuichagua kwa kuwa na kuta imara. Waliichagua kwa sababu askari wa Ubelgiji, wenye kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, walikuwa wamepiga kambi humo. Mzazi mwenye mtoto mgongoni angetafuta kinga gani kubwa zaidi ya hiyo?

Tarehe 11 Aprili Wabelgiji waliamriwa kuondoka. Wenzao 10 walikuwa wameuawa siku nne kabla, na raia wa kigeni walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Magari yalipotoka, wauaji waliokuwa wakingoja nje waliingia.

Walionusurika hapo walishika njia kwa miguu. Walikusudia kufika uwanja wa Amahoro, Remera, ambako walikuwako askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Walipofika Sonatubes walizuiwa na askari wa serikali, wakageuzwa, wakaswagwa kurudi Kicukiro hadi Nyanza huku wanamgambo wa Interahamwe wakiwalinda wasitoroke. Huko, walioonyesha vitambulisho vya Kihutu waliruhusiwa kuondoka. Waliosalia walitupiwa mabomu ya mkono na kupigwa risasi, kisha mapanga yakafuata. Watu wapatao 100 tu walitoka hai, wakaokolewa na askari wa RPF.

Maelfu waliokuwa Amahoro waliteseka kwa njaa na makombora, lakini wengi wao waliiona Julai. Kutoka Sonatubes hadi uwanja huo ni mwendo wa kilomita chache tu. Aliyesimama kizuizini siku ile hakuhitaji kupigana na mtu ili kuokoa roho hizo. Ilitosha kuwaacha wapite.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Georges Rutaganda, makamu wa pili wa mwenyekiti wa Interahamwe, kifungo cha maisha tarehe 6 Desemba 1999, na mashambulizi ya ETO yalikuwamo katika kesi hiyo. Kuhusu Wabelgiji, manusura walifungua kesi Brussels. Mahakama ya kwanza iliona mwaka 2010 kwamba kuondoka kule kulikuwa tendo la dola ya Ubelgiji. Mahakama ya rufani ikalitengua jambo hilo mwaka 2018. Wanasheria na wabishane kuhusu nani alikuwa mwenye amri. Raia waliobaki langoni waliona sare tu, na sare hiyo ndiyo waliyoiamini.

Nyanza sasa ni mahali pa kumbukumbu, penye makaburi ya maelfu. Katika maadhimisho ya tarehe 11 Aprili, watu wameifuata kwa miguu njia ya kutoka ilipokuwa ETO hadi kilimani: wazee, vijana waliozaliwa baada ya 1994, na baadhi ya wale waliokuwamo katika msafara ule wa kwanza.