Msafiri na Deni la Wapagazi

Mtu asafiriye kutoka Voi kwenda Taveta hupita Maktau, na kabla hajafika mwisho wa safari huona kilima cha Salaita. Abiria wengi hukitazama kama watazamavyo kilima chochote, kisha husinzia tena. Kumbe hapo ndipo jeshi la Waingereza liliposhindwa na jeshi la Wajerumani tarehe 12 Februari 1916, likapoteza watu wengi. Kilima kilitwaliwa mwezi wa Machi mwaka ule ule.

Msafiri mwenye nafasi na ashuke Taveta, azuru makaburi ya vita. Ataona mawe yaliyopangwa vizuri, na majina yaliyochongwa. Jambo hili ni jema, kwa maana aliyetoa roho yake anastahili heshima. Lakini na ajiulize: wapagazi wako wapi?

Katika vita vile mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, basi mizigo wakatwikwa wanadamu. Watu walitwaliwa mashambani kwa maelfu, wakachukua unga, risasi na majeruhi. Mpagazi naye hula njiani. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo walivyotakiwa wapagazi wengi zaidi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa homa, kuhara damu na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanunuzi hulitamka kila siku, wala hawajui kwamba wanawataja marehemu.

Nairobi iko sanamu ya mwaka 1928 imwonyeshayo mpagazi pamoja na askari, lakini majina yao hayapo. Mwaka 2021 tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao, ikaomba radhi.

Kukiri ni mwanzo wa kulipa deni. Lakini jina lisilojulikana haliwezi kuchongwa katika jiwe. Majina hayo yako nyumbani, vinywani mwa wazee. Awe mkulima, awe karani, mtu ambaye mzee wa ukoo wake alikwenda asirudi na aulize jina lake na kijiji chake, ayaandike katika daftari kabla wenye kukumbuka hawajafariki. Wema hauozi, wasema wahenga. Lakini jina la mtenda wema likipotea, aibu ni ya waliobaki.