Mara 40 kati ya 41! Bahati gani hiyo?

Ndugu msomaji, kwa Kiswahili neno "kura" lina maana mbili: ile tunayotumbukiza sandukuni, na ile ya kubahatisha, inayoamua nani atangulie. Sikia yaliyotokea mahali kura hizo mbili zilipokutana.

Katika jimbo la New Jersey, Marekani, sheria iliagiza chama cha kukaa juu kwenye karatasi ya kupigia kura kipatikane kwa kubahatisha. Nafasi hiyo si pambo. Wapo wapiga kura wanaoweka alama kwenye jina la kwanza wanaloliona. Huko kaunti ya Essex aliyeendesha zoezi hilo alikuwa karani wa kaunti, Nicholas Caputo, mtu wa chama cha Democratic. Katika mara 41, chama chake kilipata nafasi ya juu mara 40! Wapinzani wake wa Republican wakaenda mahakamani.

Wakubwa wana jibu lao la siku zote: "Ni bahati tu." Hapo ndipo mwananchi anapotakiwa kutoa kalamu, si ngumi.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Rusha sarafu mara 10. Matokeo yanaweza kupangika kwa njia 1,024. Usiulize nafasi ya kupata vichwa 8 kamili. Uliza nafasi ya kupata 8 au zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ukirusha mara 1,000, hata 500 kamili ina nafasi ya asilimia 2.5 tu, na hakuna atakayelia kwamba kaibiwa. Katika mirusho 10, vichwa 8 au zaidi huja kwa njia 56, yaani asilimia 5.5. Vichwa 9 au zaidi huja kwa njia 11, asilimia 1.1. Kwa desturi wanahesabu huweka mpaka kwenye asilimia 5. Kwa hiyo 8 ivumilie, 9 iulizie maswali.

Sasa pima Essex. Mara 40 au zaidi kati ya 41 ni njia 42 tu kati ya zaidi ya trilioni 2. Nafasi 1 kati ya bilioni 52!

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikiri kwamba mbele ya hesabu hiyo, wachache wenye akili timamu wangekubali kuwa ni bahati. Lakini haikumtia Caputo hatiani. Ikapendekeza tu, bila kuamuru, utaratibu urekebishwe ili wananchi wasizidi kupoteza imani.

Mapendekezo! Hapo palikuwa pa kuamuru. Ni kweli hesabu haimtaji mwizi, wala haisemi kama yupo. Lakini inahamisha mzigo: mwenye kushika sanduku ndiye aeleze.

Na sisi wa upinzani tusijidanganye. Ukikagua vituo 100 visivyo na hila yoyote, hadi vitano hivi vinaweza kuvuka mpaka huo kwa bahati tupu. Anayeokota kimoja na kupiga kelele anatwanga maji kwenye kinu, tena anawapa wakubwa cha kucheka. Weka mpaka kabla ya kuona matokeo, hesabu vituo vyote, ndipo upaze sauti.

Wakikuambia "ni bahati", msomaji, usitukane. Uliza: mara ngapi, kati ya ngapi? Kisha keti uhesabu.