Askari Harudi Nyuma
Tunapowafundisha watoto sataranji huku Busunzu, tusiwakaririshe hatua ishirini za mwanzo. Tuwafundishe kuwasoma askari. Kete ya bao huzunguka mashimo na kurudi ilikotoka, lakini askari wa sataranji hana njia ya kurudi, kwa hiyo kila anaposogea ni kama mtaro uliochimbwa mlimani: maji yatafuata huko huko. Chukua mfano wa ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa. Mweupe anasogeza askari hadi e4 na d4, Mweusi anajibu kwa e6 na d5, kisha Mweupe anasukuma hadi e5. Hapo mwambie mtoto asiguse kitu, atazame tu. Askari wa Mweupe wa d4 na e5 wameelekea upande wa mfalme, na huko ndiko atakakoshambulia. Mweusi amebanwa huko, tena askofu wake wa c8 amefungiwa na askari wake mwenyewe, wa e6, kero itakayomwandama kwa muda mrefu. Basi aende upande wa pili, asukume askari hadi c5 na kuupiga mnyororo wa askari hao wa Mweupe shinani, pale d4. Aron Nimzowitsch, mchezaji na mwandishi wa sataranji, alilisisitiza hili katika miaka ya 1920. Na mtoto akipata mwalimu hufika mbali: pale Katwe, Kampala, Robert Katende alimfundisha msichana Phiona Mutesi mpaka akapata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya Sataranji ya Istanbul mwaka 2012. Watoto wa kwetu nao wanahitaji ubao, na mtu mzima mwenye subira atakayewauliza kila baada ya hatua: askari wako wanaelekea wapi?