Nambari ya Posta Si Pambo

Wako watu wenye elimu ambao huandika anwani kwa hati nzuri, hufunga bahasha, hubandika stempu, kisha huiacha nambari ya posta. Ukiwauliza sababu, hujibu kuwa jina la mahali latosha. Jawabu hilo halina haki ndani yake, nawe mwanafunzi usilirithi.

Jina la mji mkubwa latosha kwa kuwa kila mtu analijua. Lakini Bokoli je? Karani wa Mombasa ana kosa gani akiwa hajapata kuisikia? Asemaye kuwa jina latosha huwasemea wenye miji mikubwa, na wa vijijini huwaachia bahati. Nambari haina upendeleo huo. Posta Kuu ya Nairobi ina tarakimu tano, 00100. Bokoli nayo ina tano, 50206.

Tazama kazi yake. Ile 5 ya kwanza huipeleka barua magharibi mwa Kenya. Zikisomwa pamoja 502, huielekeza upande wa Bungoma, ambayo ni 50200. Ile 06 ya mwisho huitenga Bokoli na Webuye, ambayo ni 50205. Kitale si mbali nasi, lakini nambari yake ni 30200. Huanza kwa 3 kama Eldoret, 30100, na barua zake hutengwa na zetu tangu mwanzo. Mchambuzi wa barua asiyepata kufika huku aweza kuzigawa bila ya kumwuliza mtu. India ilianza kutumia nambari hizo mwaka 1972, maana lugha zake ni nyingi na majina ya mahali hufanana.

Wengine husema sanduku la posta latosha. Halitoshi. Sanduku la 20 laweza kuwako Kitale, na Bungoma, na Webuye pia. Nambari ya sanduku humtafuta mtu ndani ya posta. Nambari ya posta huitafuta posta yenyewe.

Wako pia wasemao kuwa simu imeiua barua. Simu hupeleka maneno. Haipeleki kitabu, wala hati yenye muhuri.

Basi ziandike tarakimu tano. Ukiziacha, umeokoa wino kidogo na kumtwika mwenzako kazi ya kukisia. Naye akikisia vibaya, atakayengoja ni mtu wa Bokoli, si wa Nairobi.